Tarishi, Lori na Gari la Umeme: Safari ya Barua Kutoka Ziwani Hadi Kitendaguro

Kwa muda wa miaka mingi barua iliyoandikiwa mtu wa Kitendaguro haikufika Kitendaguro. Ilifika Bukoba mjini, ikatiwa katika sanduku la posta lenye namba ya shule, au ya parokia, au ya chama cha ushirika, au ya jamaa fulani mwenye kazi ya serikali. Ikakaa humo mpaka mwenye ufunguo apate nafasi ya kulifungua, kisha ampate mtu wa kuipeleka. Kitendaguro ni kata ya Manispaa ya Bukoba, wala si nchi ya mbali. Mtu huenda mjini na kurudi kwa siku moja pasipo taabu kubwa. Hata hivyo barua iliyotoka Dar es Salaam au London, ikapita reli na ziwa pasipo kupotea, ilikwama katika maili hizo chache za mwisho. Siku hizi mashirika ya posta ya nchi nyingi yanashughulika na habari ya kuyaacha magari ya mafuta yaliyochakaa na kuingiza ya umeme mahali pake. Jambo hilo, likitazamwa kutoka magharibi ya Ziwa Viktoria, halieleweki vema ila kwa kuitazama kwanza historia ya maili hizo za mwisho.

Lugha yenyewe ni shahidi wa historia hiyo, tena shahidi asiyesahau upesi. Neno la kale la Kiswahili kwa mpeleka habari ni tarishi. Asili yake ni Kiarabu cha Uomani na Ghuba, ambamo kitenzi cha mzizi huo maana yake ni kutuma. Barua nalo ni neno la Kiarabu. Lilikwea bara pamoja na misafara ya biashara likaingia katika lugha za kandokando ya ziwa, hata Waganda husema ebbaluwa, wala mwenye kulitamka hakumbuki tena pwani. Bahasha ilikuwa mfuko wa kitambaa wenye mfuniko, wa kutilia karatasi au vitu vidogo, kabla haijawa ganda la karatasi la kutilia barua. Posta na stempu yametoka Ulaya. Basi katika maneno hayo yote tarishi peke yake ndilo linalomtaja mtu mwenye miguu. Na neno hilo limepatwa na mambo ya kustaajabisha. Zamani tarishi alikuwa mtu wa njiani, mwenye kuvuka mito na kulala porini. Katika Kiswahili cha ofisi za karne ya ishirini akawa mtumishi wa ndani, mwenye kuchukua majalada kutoka meza hii hadi meza ile na kuchemsha chai ya mkubwa. Mahali alipotoka hapakujazwa. Kiswahili kina karani wa posta na kina postamasta, lakini kwa yule mtu ambaye Mwingereza au Mdachi humwona kila asubuhi mlangoni pake na barua mkononi, hakuna neno lililokaa vizuri katika vinywa vya watu. Kamusi zina mgawa barua na mpeleka barua. Ni maneno sahihi, ila yana harufu ya wino. Sababu si upungufu wa lugha. Watu hawakumwita kwa kuwa hawakumwona.

Emin Pasha aliweka kituo cha Wadachi pale Bukoba mnamo Novemba 1890. Kabla yake nchi ya Wahaya ilikuwa na njia zake za kupashana habari: wafalme wa Kiziba, wa Karagwe, wa Ihangiro ambayo leo ni sehemu ya Muleba, na wenzao, walikuwa na wajumbe wao, na mjumbe wa mfalme aliifikisha habari mlangoni mwa yule aliyetumiwa, si mahali pengine. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaodhani kwamba kumfikishia mtu habari nyumbani kwake ni uzushi wa juzi. Wadachi walileta utaratibu mwingine. Posta yao ya pwani ilianza mwaka uo huo wa 1890, Dar es Salaam na Bagamoyo, na vituo vya bara vikaungwa nayo kwa matarishi wa miguu, waliopokezana mizigo kutoka kituo hata kituo. Mfuko wa barua wa Bukoba ulipita Tabora na Mwanza. Mwisho wa safari ya tarishi ulikuwa boma. Humo barua ilikuwa imefika, kwa maana wenye kuandikiana barua walikuwa humo: maofisa, wamisionari na wafanya biashara wachache. Watu wa vijijini hawakuhesabiwa kuwa wapokeaji wa barua, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya njia ya kuwafikia.

Stempu za zamani hizo zina habari ya kumpendeza mchunguzi wa maneno. Mwaka 1893 serikali ya Kidachi ilipiga chapa ya PESA juu ya stempu zake za Ulaya ili zitumike Afrika ya Mashariki, kwa maana rupia moja ilikuwa na pesa 64. Ilipobadilishwa fedha, rupia ikawa na heller 100, stempu mpya zikatolewa mwaka 1905 kwa hesabu hiyo. Heller hiyo ndiyo hela. Dola ya Wadachi imekufa zaidi ya miaka mia, sarafu yake haionekani ila katika makumbusho, lakini hakuna siku ipitayo katika soko la Bukoba pasipo mtu kuulizwa kama ana hela. Maneno hukaa baada ya vyombo vilivyoyaleta kuoza. Jambo hili litarejea mbele tukifika kwenye garimoshi.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakutoka upande wa Wadachi. Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na katika miaka iliyofuata meli za mvuke zikawekwa ziwani: Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo. Papo hapo ramani ikapinduka. Mji wa Bukoba, uliokuwa mwisho kabisa wa njia ya miguu ya Wadachi, ulijikuta jirani wa njia ya reli ya Waingereza. Mzigo wa Bukoba uliweza kufika baharini kwa meli na reli katika siku chache, ilhali tarishi wa Tabora alikuwa angali porini. Reli ya kati ya Wadachi ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza halikukamilika mpaka mwaka 1928, Wadachi wenyewe wakiwa wamekwisha kuondoka. Tangu hapo mazoea ya Bukoba ya kutegemea chombo cha jirani yakawa kama tabia ya mahali, nayo hayajakoma.

Vita vya 1914 vilionyesha jinsi mawasiliano ya mji huo mdogo yalivyothaminiwa. Mwezi Juni 1915 askari wa Kiingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakashuka karibu na Bukoba, wakapigana siku mbili na kuubomoa mnara wa simu ya upepo uliokuwa pale. Nyumba za mji ziliporwa, kisha wakarudi melini. Hawakuja kuitwaa nchi; walikuja kukata sauti yake. Nchi ilitwaliwa mwaka uliofuata, na kutoka mwaka 1917 stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilipigwa chapa ya herufi tatu, G.E.A., kuonyesha kwamba zinatumika katika nchi iliyotekwa.

Zama za Waingereza ndizo zama za lori. Kahawa iliwapa Wahaya fedha mapema kuliko makabila mengi ya Tanganyika, na fedha ikaleta baiskeli, motokaa na barabara za udongo mwekundu zilizopanda na kushuka katika migomba. Tazama tena maneno: gari ni la Kihindi, nalo lilikuwepo kabla ya injini, motokaa na lori ni ya Kiingereza, yote matatu yamepokewa pasipo ubishi, maana kitu kilikuja pamoja na jina lake, na watu wakakiona kikipita. Posta nayo ikapata nguvu. Mwaka 1933 idara za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa moja, na kutoka mwaka 1935 zikawa na stempu za pamoja. Moja yake ilikuwa na picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria. Wakati huo meli ilikuwa chombo kikuu, na lori mtumishi wake. Lori lilipokea mifuko bandarini, likaipeleka posta, likaichukua ile ya Muleba na ya miji mingine ya bara, likaondoka. Katika nchi ipatayo mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, utaratibu huo ulikatizwa mara nyingi na matope, na dereva wa lori la posta alihitaji jembe kama alivyohitaji usukani.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha jambo. Lori lilipoongeza mwendo wa barua mara kumi au zaidi, mahali pa mwisho pa safari halikusogea hata hatua moja. Palikuwa boma, sasa pakawa ofisi ya posta na ukuta wake wa masanduku. Utaratibu wa sanduku la posta ulikuwa na sababu zake nzuri: nyumba hazikuwa na namba, njia hazikuwa na majina, na serikali haikutaka kulipa jeshi la wagawa barua. Kwa mtu wa mjini mwenye duka, sanduku lilikuwa raha. Kwa mtu wa kijijini lilikuwa deni, maana alilazimika kuazima namba ya mwingine. Neno anwani kwa asili yake ya Kiarabu ni kichwa cha maandishi, yaani kile kiandikwacho juu. Na kweli anwani ya Kitanganyika ikawa kitu cha kuandikwa tu, kisichomwonyesha mtu alipo. Ukisoma S.L.P. na namba yake na jina la Bukoba, unajua barua itakaa wapi. Hujui mtu anakaa wapi. Watu wawili wanaoishi mbali sana waweza kuwa na anwani moja, na mtu mmoja akihama kazi hubadili anwani ingawa hakuhamisha hata chungu. Barua za wengi ziligawiwa Jumapili nje ya kanisa, au kusomwa majina yake mbele ya wanafunzi, na mwanafunzi ndiye akawa tarishi wa kweli wa wilaya za Bukoba na Muleba: alichukua barua ndani ya daftari, akaifikisha kwa miguu, na mara nyingi akaisoma kwa sauti kwa aliyeandikiwa. Katika hesabu za idara ya posta mtoto huyo hayumo. Hakupewa mshahara, wala baiskeli, wala kofia.

Uhuru haukuligeuza jambo hili upesi. Kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 posta na simu za nchi tatu zikawekwa chini ya shirika moja lenye makao yake makuu Kampala, na kwa Bukoba hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam kwa njia yoyote ile. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mali zikagawanywa, magari yakabaki pale yalipokutwa, na Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu. Kabla shirika hilo halijakaa sawa, majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na mwezi Novemba 1978 daraja la Kyaka likabomolewa. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera baada ya vita, mwaka 1979, na watu wakalazimika kujifunza kuandika jina jipya chini ya namba ya sanduku la zamani. Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya uhaba wa mafuta, vipuri na matairi. Gari lililokufa lilivuliwa vyombo vyake ili jingine liishi. Mafundi wa Kiswahili walikuwa na neno la kufaa kabisa, kuchinja gari, na katika gereji nyingi za nchi neno hilo halikuwa mzaha.

Mwaka 1993 sheria ilitungwa ya kutenga posta na simu, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi mwezi Januari 1994 likiwa peke yake. Ndugu yake wa simu aliondoka na biashara yenye faida. Posta ilibaki na barua, majengo, na magari.

Kisha ukaja mwaka 1996. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba, ikiwa imetoka Bukoba na kupita Kemondo, ilizama karibu kabisa na Mwanza, na watu wapatao mia nane au zaidi wakafa. Hakuna nyumba nyingi katika Bukoba na Muleba zisizokuwa na jina la kutaja katika msiba ule. Kwa habari ya uchukuzi, tangu siku ile barabara ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya ziwa. MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, iliendelea kwa taabu mpaka ikasimama mwaka 2014, ikatengenezwa upya na kurudi majini mwaka 2020. Lakini katika muda huo watu walikwisha kuzoea basi. Na basi halikuchukua watu tu. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kumpelekea mama yake kifurushi Bukoba humkabidhi kondakta, akampigia mama simu, akamtajia namba ya basi. Mama hungoja stendi. Utaratibu huo hauna stempu wala anwani, nao wafanya kazi. Posta ilishindwa na basi si kwa mwendo, bali kwa kuwa basi lina mtu wa kuulizwa. Na hata basi lenyewe halifiki Kitendaguro mlangoni.

Simu ya mkononi ilimaliza barua ya salamu. Hilo halina haja ya maneno mengi. Kilichobaki katika mifuko ya posta ni nyaraka za serikali na mahakama, mitihani, vyeti, na zaidi ya yote vifurushi, maana biashara ya kuagiza vitu kwa intaneti imeongeza mizigo midogo katika dunia nzima. Sasa barua hutiwa mfukoni. Kifurushi hutaka gari. Na ndiyo sababu swali la magari limerudi kwa nguvu mahali pengi, wakati ambapo wengi walidhani posta inakwenda kuzikwa.

Umeme katika kazi hii si mgeni. Posta ya Ujerumani ilitumia magari ya umeme ya kugawa vifurushi katika miji yake mikubwa kabla ya vita vya pili, kwa sababu zile zile zitajwazo leo: njia ni fupi, tena ni ile ile kila siku, gari husimama kila baada ya hatua chache, na injini ya mafuta hupoteza mafuta yake katika kusimama huko, na jioni gari hurudi mahali pamoja, ambapo betri yaweza kutiwa nguvu usiku kucha. Nchi hiyo hiyo ilirudi katika wazo hilo kwa mlango mwingine. Shirika lake la posta lilipoona viwanda vikubwa vya magari havitengenezi chombo cha kulifaa, lilinunua mwaka 2014 kampuni changa ya StreetScooter iliyozaliwa katika chuo kikuu cha Aachen, likajiundia magari yake lenyewe, kisha likaiuza kampuni hiyo mwaka 2022.

Habari ya Marekani ni ndefu zaidi na ina mafunzo zaidi. Magari meupe ya posta ya nchi hiyo, yaliyotengenezwa na Grumman kati ya mwaka 1987 na 1994, yalikusudiwa kudumu miaka 24. Hayana kiyoyozi, na mengi yamekwisha kupita miaka thelathini. Mwezi Februari 2021 kazi ya kutengeneza magari mapya ilipewa Oshkosh Defense. Mpango wa kwanza ulikuwa na magari machache tu ya umeme, mengine yote ya petroli. Majimbo kadhaa yakashtaki mwaka 2022, Bunge likatoa fedha, na mwezi Desemba mwaka huo posta ikatangaza kuwa itapata magari 66,000 ya umeme hata kufika mwaka 2028, kwa gharama ya dola bilioni 9.6, pamoja na vituo vyake vya kuchajia. Magari mapya ya kwanza yalianza kazi katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mwaka 2024, na utengenezaji wake ukaenda polepole kuliko ahadi. Katika ubishi wote huo, uliohusu betri, bei na hewa chafu, jambo moja halikubishiwa na upande wowote: kwamba gari la posta linakwenda nyumba kwa nyumba. Huko neno hilo halihitaji kusemwa. Bukoba lahitaji.

Kwa maana likiulizwa swali la gari la umeme katika Bukoba, majibu ya kiufundi si mabaya. Safari ya kutoka ofisi ya posta kwenda Kitendaguro, Kibeta, Kashai au Hamugembe na kurudi ni fupi sana kwa betri ya leo. Vilima, ambavyo wengi huviogopa, vina faida yake: gari la umeme likishuka mlima, mota yake hugeuka kuwa mtambo wa kurudishia betri sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda, ilhali lori la dizeli likishuka huchoma breki zake bure. Matope na mashimo ni adui wa kila chombo, wala mota haina dawa yake. Safari ya Muleba na kurudi hutaka betri kubwa zaidi na moyo mkubwa zaidi. Ile ya Dar es Salaam, kadiri ya kilomita 1,400, ni ya lori la mafuta kwa sasa, na haifai kudanganyana. Majirani wamekwisha kutangulia katika vyombo vidogo: Kigali ina pikipiki za umeme ambazo hubadilishana betri vituoni badala ya kungoja zijae, na Nairobi ina mabasi ya umeme tangu mwaka 2022. Uganda ilianza mapema zaidi, chuo kikuu cha Makerere kikionyesha gari lake la Kiira mwaka 2011.

Tena kuna umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya taifa. Ulinunua umeme Uganda, ukiletwa kwa nyaya kutoka Masaka hadi Kyaka. Ni Kyaka ile ile ya daraja. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na pamoja na Rwanda na Burundi imejenga mtambo wa Rusumo wa megawati 80 mpakani mwa mkoa huo huo wa Kagera; kazi ya kuufikishia mkoa huo nyaya za taifa ikafuata nyuma ya mambo hayo. Hivyo gari la posta la umeme likiwashwa Bukoba kwa umeme wa Masaka litakuwa limeirudia njia ya kale, ile ya mifuko ya barua iliyopita kwa Waingereza wa Kisumu kwa kuwa ya Tabora ilikuwa ndefu. Kuna wanaoona aibu katika jambo hilo. Si lazima. Bukoba imejua siku zote kwamba mpaka ni mstari wa wakubwa, na kwamba mzigo hupita pale unapopitika. Hatari iliyopo ni ile ya mwaka 1978, kwamba njia ya jirani hukatika kwa mambo yasiyohusu barua.

Jambo lililobadilika kweli kweli, na ambalo laonekana dogo kwa wapenda mitambo, ni kibao. Kwa kazi ya anwani za makazi iliyofanywa nchini mwaka 2022, pamoja na sensa ya mwezi Agosti mwaka huo, njia za mitaa zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ina postikodi yake. Za mkoa wa Kagera huanza na 35. Shirika la Posta nalo limeanzisha huduma iitwayo Posta Kiganjani, ambayo namba ya simu ya mtu huwa ndiyo sanduku lake. Mambo hayo mawili yanavutana. La kwanza humpa mtu mahali. La pili humwondolea haja ya mahali, likamwacha na simu tu, na simu hiyo ikilia humwita mjini akachukue mzigo wake. Shirika likifuata la pili peke yake, magari mapya yatafanya kazi ya magari ya zamani: kutoka bandari, stendi na uwanja wa ndege hadi ofisi ya posta. Yatakuwa kimya zaidi, nayo hayatatoa moshi, na mtu wa Kitendaguro atayasikia habari zake redioni. Likifuata la kwanza, hapo itabidi kuajiri watu, maana gari halina mkono wa kubisha hodi. Mshahara wa mtu huyo hauonekani katika mahesabu ya betri yanayotolewa na wauza magari, na pengine ndio sehemu kubwa ya gharama yote.

Kiswahili, kwa upande wake, kimekwisha kujiandaa nusu. Garimoshi kiliitwa kwa kile kilichokisukuma, au hasa kwa kile kilichoonekana kikitoka juu yake. Injini za mvuke zilipoachwa, jina lilibaki katika vitabu vya shule, ingawa vinywa vya watu viliendea treni. Mwaka 2024, reli mpya ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilipoanza kazi, hakuna aliyethubutu kuiita garimoshi ya umeme. Watu walisema treni ya umeme, au SGR kwa herufi zake. Umeme wenyewe ni neno la kale la radi na mawingu, lililohamishwa kutoka mbinguni hadi kwenye nyaya. Gari la umeme basi ni jina lisilo na taabu: la Kihindi upande mmoja, la Kibantu upande wa pili, na kila mtu wa Bukoba analielewa pasipo kufundishwa. Kuchaji kumekuja na simu. Betri ilikuja na tochi na redio.

Kilichokosekana ni jina la yule atakayeshuka ndani ya gari hilo pale Kitendaguro, asome kibao cha nyumba na kupiga hodi. Warekebishaji wa lugha wameliacha pengo hilo kwa muda mrefu, na mgawa barua halitoshi tena, maana atakachogawa si barua. Tarishi angali yupo ofisini, amekaa karibu na mlango wa mkubwa. Miguu yake haijasahau njia.